Siku Tairi Langu Liliponitangulia Bugwema

Jamani, hii ni aibu yangu mwenyewe na ninaijua, wala msijifanye hamjawahi kuisikia, maana najua Mama Tabu huwa anawasimulia nikienda kuoga, ila anayoisimulia yeye ni nusu, ile nusu ya kuchekesha, na nusu iliyobaki ananiachiaga mimi. Sasa kwa kuwa leo mwalimu jirani yetu ameleta hapa uani gari lake alilolinyanyua mpaka mtu akitaka kupanda anatafuta kigoda, na ameniuliza mbele yenu wote, "Mzee Wambura, wewe umeendesha miaka yote, hivi spesa ni salama?", basi acheni niseme yote, na atakayecheka acheke vizuri, asijibane.

Kwa asiyejua, spesa ni lile bamba la chuma la mviringo linalowekwa kati ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye bolti, na ringi ili tairi litoke nje kidogo, gari lipanue miguu. Siku hizi zinauzwa dukani kwenye boksi zikiwa zimeng'arishwa. Zangu mimi zilikatwa kwenye trekta bovu la kijiji.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa ruksa, biashara ndiyo imefunguliwa, mnaikumbuka, tumetoka kwenye shida ya kila kitu, kipande cha sabuni kinakatwa kwa uzi watu wagawane, sukari unaisikia kwa jirani, halafu ghafla mitumba ikaanza kushuka na watu wakawa wanavaa makoti ya baridi ya Ulaya kwenye jua la Bunda. Lakini vipuri vya magari vilikuwa bado. Mimi nilikuwa na landrova kuukuu niliyorithi kwa baba mdogo, ya turubai nyuma, naishi nayo hapa Butiama, nabeba mihogo, nabeba wagonjwa, nabeba wanakwaya, na masika ya mwaka huo nikakwama nayo Bugwema kwenye lile tope jeusi lisilo na huruma, watu wa kituo cha kununulia pamba wakanisukuma tangu asubuhi mpaka saa nane. Walipomaliza, mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaniambia, "Kijana, gari lako limekaa chini kama kuku anayeatamia. Kalisimamishe." Watu wakacheka, na mimi neno hilo likaniingia likakaa.

Basi nikalisimamisha. Nikaongeza majani ya springi, nikapata tairi nne kubwa kuliko zake kutoka kwenye gari lililokufa, na kweli likapanda juu likawa na heshima, ila kila nikikata kona tairi zinasugua, krr, krr, mpaka mbuzi wanageuka. Nikaenda kwa Fundi Chacha, fundi wa kukereza pale Bunda, mtu wa maneno machache, akaniambia dawa yake ni spesa, akakata bamba nne zenye unene wa kidole, akazitoboa, akazifunga. Halafu akajifuta mikono akaniita karibu na tairi la nyuma.

"Bwana Wambura, angalia hapa. Bolti zako sasa zimebaki fupi. Ningekuwa na ndefu ningekuwekea, ila sina, na dukani hamna. Nati inashika meno manne tu. Kwa hiyo ukitembea kidogo, shuka ukaze. Na kesho asubuhi kabla hujaondoa gari, kaza tena. Chuma kipya kinalegezaga nati."

"Nimekusikia, fundi."

"Umenisikia au unaangalia gari?"

(Nilikuwa naangalia gari. Lilikuwa limepanua miguu vizuri, na mimi nilikuwa nimeshapaka ringi zote rangi nyeupe iliyobaki kwenye kupaka kanisa, kwa hiyo msinilaumu sana.)

Sasa sikilizeni safari yenyewe ilikuwa ya nini, maana hapo ndipo penye mzigo. Mke wangu, huyu Dorika mnayemwita Mama Tabu, kwao ni Murangi kule ziwani, na mama yake alikuwa amepata mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa haoni zaidi ya mwanga na kivuli. Tabu wetu wakati huo ana miezi minane, anatambaa, na bibi yake hajawahi kumwona hata siku moja. Alikuwa anamshika tu. Anampapasa uso kwa vidole, polepole, anauliza, "Pua hii ni ya nani? Na haya masikio, ni ya kwetu au ya Butiama?", halafu anacheka, na Dorika anatoka nje kujifanya anasugua sufuria. Ndipo tukasikia daktari wa macho anakuja Musoma kwa siku chache, Dorika akaenda kumwandikisha mama, akapewa siku yake, wakamwambia awe amefika kabla ya saa tisa alasiri kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya daktari. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kumtoa mama Murangi na kumfikisha Musoma.

Na lazima niwakumbushe nyinyi mliozaliwa juzi kwamba mkwe wa wakati ule hakuwa mkwe wa siku hizi wa kupiga picha amemkumbatia mama mkwe. Mimi na mama tulikuwa na miaka mitatu ya kuheshimiana bila kusemezana. Simtazami usoni, simpi mkono, nikimwona njiani naingia mihogoni. Neno likitoka kwake linapita kwa Dorika, na jibu langu linarudi kwa njia hiyo hiyo, hata kama tumeachana hatua tatu. Na mtu asiseme kwamba yule mama alikuwa haoni kwa hiyo heshima ya nini. Yeye alikuwa haoni, mimi nilikuwa naona.

Nikatoka Bunda na spesa zangu, nikafika Murangi jioni, Dorika na Tabu walikuwa wameshatangulia, wakwe wakanipokea kwa ugali wa muhogo na sato, nikalala nyumba ya wageni. (Njiani sikushuka kukaza. Nilikuwa nasikiliza jinsi ambavyo tairi hazisugui.) Asubuhi nikaamka nakumbuka maneno ya fundi, nikatoka nje niende kukaza, na nikakuta ukoo mzima uko uani umekuja kumuaga mama. Shangazi, wajomba, majirani, mpaka watu wa kwaya. Na mimi nimevaa suruali yangu ya mtumba, ya kijivu, nzuri, inayobana kidogo mapajani.

Haya niambieni. Kukaza nati ni lazima uchuchumae, na pale ambapo spana haitaki unainama, kichwa chini, makalio juu. Mkwe gani anainua makalio mbele ya mlango wa mama mkwe wake, na ukoo unatazama? Nikajiambia, nitakaza mbele, tukishatoka kijijini. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, dogo kabisa, kama yanavyozaliwa yote.

Kwa sababu nilipogeuka, mama alikuwa ameshapandishwa nyuma na kukalishwa kwenye benchi, ana kikapu cha dagaa magotini na gunia la mihogo pembeni, na spana yangu ya tairi iko wapi? Iko chini ya benchi lile lile, katikati ya miguu ya mama mkwe wangu. Nikaona ni afadhali nife.

Dorika akafunga kitenge katikati ya gari, kati ya mbele na nyuma, ili heshima iwepo, akakaa mbele na mimi amempakata Tabu. Nikawasha. Tulipofika panapogawanyika njia akaniuliza, "Baba Tabu, si tupite Suguti? Ndiyo njia ya Musoma."

"Huku kwa Bugwema ni kuzuri zaidi," nikasema.

Uongo mtupu. Njia ya Suguti ndiyo ilikuwa fupi na ndiyo ilikuwa nzuri. Nilitaka kupita Bugwema kwa sababu ulikuwa msimu wa pamba, kituo kinajaa watu, na nilitaka yule mzee wa kofia ya pama alione gari lilivyosimama. Dorika akafungua mdomo, nikamwahi, "Leo naomba mtu asinifundishe gari." (Jana yake alikuwa ameshika zile spesa kwa kidole akauliza zinashikwa na nini, na mimi nikamjibu kwa kicheko, kile kicheko cha mwanaume asiye na jibu.) Akafunga mdomo, na mnamjua akiufunga.

Barabara ilikuwa kavu, ya matuta madogo madogo yale yanayotikisa mpaka meno. Haukupita muda mrefu nikasikia sauti ya mama nyuma ya kitenge, ya upole, "Dorika, mwambie mwenzio kuna kitu kinalia huku upande wangu. Kwe, kwe, kwe."

Dorika akaniambia, na macho yake yako mbele, "Mama anasema kuna kitu kinalia upande wake."

"Mwambie mama ni springi mpya. Zinalia hivyo."

"Mama, anasema ni springi."

Tukaenda. Yule mama, kwa sababu ya kutoona, masikio yake yalikuwa makali ajabu, alikuwa anaweza kukwambia ni ng'ombe gani anakohoa zizini. Baada ya muda akasema tena, "Dorika, sasa kimebadilika. Sasa ni kwa, kwa, kwa, na benchi linacheza."

Dorika akanitazama. Mimi nikatazama mbele. Akasema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mama, dereva amekataza kufundishwa."

Sasa mama angefanya nini? Kunisemesha mimi moja kwa moja hawezi, mila inamkataza. Mwanawe amegoma kupeleka ujumbe. Akakaa akafikiri, halafu akaanza kuomba. Akaomba kwa sauti kubwa, kama vile yuko kanisani, "Ee Mungu Baba uliyeumba nchi kavu na ziwa, tunakushukuru kwa mkwe mwema uliyetupa, ana moyo, ametutoa mbali. Baba, wewe unajua yote, unaona na visivyoonwa. Mguse mtoto huyu, Baba, umfunulie kwamba gurudumu lake la nyuma la kushoto linataka kumwacha."

Na mimi, ndugu zangu, maskini ya Mungu, nilikuwa nimeshaona kwa mbele vumbi la kituo cha pamba na watu wamejaa, akili imeshatangulia huko, nilichosikia mimi ni mkwe mwema na moyo. Nikasema, "Amina!" Kwa sauti. Nikakanyaga mafuta.

Nikapiga na honi, msiniulize kwa nini. Watu wakageuka wote, zaidi ya mia, na magunia yao, na karani kwenye mizani, na yule mzee na kofia yake. Nikaanza kuinua mkono kuwasalimu. Hapo pembeni yangu kushoto nikaona tairi linapita. Linatupita kwa utulivu kabisa, limesimama wima, lina haraka zake. Nilikuwa na nafasi ya kulikana kama lisingekuwa na ringi nyeupe niliyoipaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu gari likakaa chini. Likapiga habu kwenye udongo, likaburuza, likazunguka nusu, vumbi likatufunika, na kamba ya kitenge ikakatika, kitenge kikaniangukia kichwani. Nikakivuta, nikageuka nyuma nione kama mama ni mzima, na hapo ndipo niliona kile ambacho mkwe haruhusiwi kuona: mama mkwe wangu amelala chali kati ya gunia la mihogo na dagaa, miguu juu, khanga imeenda ilikokwenda. Nikafumba macho palepale. Nikayafumba kabisa, kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo nikafungua mlango nikashuka nimeyafumba, nikasahau kwamba gari nimelinyanyua mwenyewe na upande wangu sasa ndio uko juu. Nikaanguka kifudifudi. Na suruali ile ya mtumba, ya kijivu, ikapasuka kuanzia hapa mpaka hapa.

Tairi lenyewe lilikuwa limefika salama. Lilishuka mteremko, watu wakalipisha njia, likaingia katikati ya lundo la pamba likazama nusu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Karani, pima hiyo! Imewahi foleni!" Na karani, mtu wa ofisi kabisa, ana kalamu sikioni, akaliangalia tairi, akaniangalia mimi nilivyolala, akasema, "Hii hatuchukui. Hii ni fifi." Fifi ni ile pamba chafu ya daraja la mwisho. Kituo kizima kikaanguka kicheko, watu wakalalia magunia, wengine wanajifuta machozi kwa kofia. Yule mzee wa pama akaja taratibu, akasimama juu yangu, akasema, "Kijana, nilikuambia ulisimamishe. Sikusema kwa miguu mitatu."

Wanawake wa pale ndio walimshusha mama, wakampangusa vumbi, wakamkalisha kivulini upande wa gari. Hakuwa na jeraha hata moja. Tabu alikuwa analia, Dorika anambembeleza, na Dorika mwenyewe midomo inamtetemeka, nikadhani naye analia, kumbe anajizuia kucheka. Akanitupia kile kitenge nijifunge kiunoni. Basi nikaanza kurudi barabarani kwa magoti kutafuta nati kwenye vumbi, nimefungwa kitenge cha maua, na watu wa Bugwema (Mungu awabariki, maana ni watu wema kuliko wanavyocheka) wakaja kunisaidia kutafuta, huku kila anayeokota nati anauliza, "Na hii nayo ni ya kwako?" Tukapata tatu. Na kwenye habu, katika bolti tano, mbili zilikuwa zimekatika kama vijiti.

Nikaingia chini ya gari kuweka jeki. Jua limeshapanda. Nikaziangalia zile bolti zilivyoliwa meno, nikaangalia spesa yangu nzuri imepinda, nikapiga hesabu ya saa, nikaelewa. Mpaka wakati huo nilikuwa bado naona haya ya suruali. Hapo chini ndipo nilipokumbuka kwamba kuna mtu anangojewa Musoma kabla ya saa tisa. Nikalia. Nasema kweli, nililia kama mtoto, nimeziba mdomo kwa mkono wenye grisi, nikijua watu wako mbali kidogo na hakuna anayenisikia.

Lakini kivuli alichokalishwa mama kilikuwa cha gari lile lile. Alikuwa amenipa mgongo, yuko hatua mbili tu kutoka kichwani kwangu. Na Dorika alikuwa ameenda kuomba maji ya mtoto.

"Baba," mama akasema. "Umeumia?"

Nikadhani anasema na mtu mwingine.

"Wewe wa chini ya gari. Nasikia unapumua vibaya. Umeumia wapi?"

Miaka mitatu, jamani. Yalikuwa maneno ya kwanza ya mama yule kuja kwangu bila kupita kwa mtu. Nikajibu, "Sijaumia, mama."

"Basi usilie. Gari ni chuma. Mimi nasikia kila mtu amepona. Tengeneza taratibu, baba, halafu twende." Kisha akakohoa kidogo akasema, "Na hiyo suruali, mimi sikuiona."

Nikacheka huku nalia. Nilimpenda mama yule tangu saa ile, na si mapenzi ya mila, ni ya moyoni kabisa.

Nikatoa spesa zote nne, nikazitupa mihogoni (watu wa Bugwema wakaja wakaziokota, najua moja ikawa jiwe la mizani kwenye kigenge fulani). Nikarudishia tairi kwenye habu tupu, nati zikashika mpaka mwisho wa bolti, nati tatu upande ule, nikaomba lori lolote lipite limchukue mama, lakini lori la pamba lilikuwa la jioni na linakwenda Bunda. Saa nane tukaondoka. Kwa bolti tatu na tairi zinazosugua hukimbii, unatembea. Kila baada ya kilima nilisimama, nikashuka na kitenge changu, nikachuchumaa nikakaza, na spana Dorika alikuwa ameshaiweka mbele miguuni kwake. Mbele ya hospitali pale Musoma tulisimama jua linakaribia kuzama ziwani.

Nesi alikuwa anafunga dirisha. Akaangalia daftari, akamwangalia mama, akasema kwa huruma, "Mama, tulikuita mara tatu. Daktari ameshaondoka. Atarudi vuli ikiisha."

Nilisimama kwenye korido nimeegemea ukuta. Nilingoja mama aseme kitu, aulize kwa nini, amwambie nesi ni mkwe wangu huyu mjinga na mabamba yake. Alisema, "Haya mwanangu, asante. Tutakuja." Akatafuta mkono wa Dorika hewani akaukosa, akautafuta tena akaupata, wakatoka.

Bugwema yote iliipata hadithi ile, na Murangi, na Bunda, na mpaka kule kisiwani Rukuba wavuvi walikuwa wananiita Miguu Mitatu. Hilo nililizoea. Nilichokuwa siwezi kuzoea ni kila tulipokwenda Murangi miezi ile, kumwona mama anampapasa Tabu uso, na Tabu amekua, hataki kutulia tena mikononi, anajivuta, anaondoka, na mama anabaki ameinua mikono.

Vuli ilipoisha nikaenda kumchukua. Gari lilikuwa limerudi kwenye tairi zake za zamani, limekaa chini kama kuku. Asubuhi ukoo ukatoka tena uani kuaga. Nikachukua spana, nikazunguka tairi zote nne, nikainama. Kichwa chini, makalio juu, mbele ya mlango wa mama mkwe, na nikakaza moja moja bila haraka. Shangazi mmoja akageuza uso, mjomba akaguna. Mama akauliza, "Anafanya nini huyo?" Dorika akamwambia anakaza nati. Mama akasema, "Mwacheni akaze." Tukapita Suguti, tukafika kabla nesi hajafungua dirisha.

Siku walipomfungua bandeji mimi nilikaa nje, chini ya dirisha la wodi, maana mila ni mila, na tangu siku ile ya chini ya gari tulikuwa tumerudi kwenye kusemezana kupitia Dorika. Nikasikia nesi anasema fumbua taratibu. Halafu nikasikia viatu vya Tabu sakafuni, tap, tap, tap, vile viatu vya mtumba vyenye vifungo, anamwendea bibi yake.

"Kumbe anatembea hivi," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alianza lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, mama. Uani kwetu. Alimfuata baba yake."

Mama hakulaumu, ningesikia kama kungekuwa na lawama, maana na mimi siku hizi masikio yangu si mabaya. Alisema tu, "Hilo nililitamani kuliona. Haya, njoo hapa nikuangalie, mama yangu, njoo. Pua ni ya Butiama kabisa."

Mimi pale chini ya dirisha nilifunika uso kwa kofia.

Kwa hiyo mwalimu, ukitaka jibu la fundi, ni hili: spesa zilizotengenezwa kwa ajili ya habu yako, zenye bolti zake zenyewe ndefu, zikafungwa na mtu anayejua na zikakazwa tena baada ya safari kidogo, watu wanaziendeshea na wanafika. Za kukatwa mtaani, zinazokuachia meno manne ya nati, ni kaburi. Hilo hata Fundi Chacha aliniambia, nami nikamjibu nimesikia. Mimi nimeapa sitaweka tena kitu chochote kati ya habu na tairi langu, hata karatasi, na sitaona haya kuinama mbele ya mtu yeyote. Suruali ilishonwa, jina la Miguu Mitatu watu walilichoka wakaliacha, na mama aliishi miaka mingi baadaye akiona, akawaona wajukuu wengine wanne wanavyoanza kutembea. Lakini Tabu alianza mara moja tu, na bibi yake hakuwa anaona, kwa sababu mimi nilitaka nionwe Bugwema.